Uzi maalumu: Bibi Daftari wa Makambako, aliyezika mtaa mzima kwa mahesabu

#1 Mtoto wa Mlowa

Kamwene wakuu.

Tumemzika mwezi wa saba, ule upepo wa kwetu ukiwa umeshika kasi, turubai linapigapiga mpaka mchungaji analazimika kurudia kila sentensi mara mbili. Jina lake siliweki. Wanawe wameniruhusu kuandika kwa sharti hilo moja. Sisi tuliokulia mtaani kwake tulimwita Bibi Daftari, ila hatukuthubutu kumwita hivyo akiwa karibu.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni wasifu wake uliosomwa pale msibani. Dakika nne tu. Alizaliwa upande wa Lupembe, akaolewa mwaka wa Azimio, akajaliwa watoto sita, alikuwa mcha Mungu, aliugua kifua, basi. Nikamtazama jirani yangu, naye akanitazama. Mwanamke aliyesimamia misiba ya mtaa kwa zaidi ya miaka thelathini, wasifu wake hauna hata sufuria moja ndani.

Nitaandika vipande vipande, simu yangu haikai na chaji. Msiniharakishe.

Alifika Makambako mwanzoni mwa miaka ya sabini, mumewe akifuata kibarua cha reli. Wachina walianza kujenga 1970, na kipande cha kutoka Mlimba kupandisha huku kwetu ndicho kilichowatoa watu jasho: mahandaki 18, madaraja 46, mvua, milima inayomeguka. Vijana wa leo wanaiona Makambako ni njia panda ya kwenda Njombe na Songea, unashuka basi, unakula chipsi, unapanda jingine. Enzi zile ilikuwa kambi, vumbi na vibarua. Bibi alikuwa anawapikia makande kwa mali kauli na kuweka kumbukumbu ya madeni kwa mkaa ukutani: mstari mmoja sahani moja. Shida ya ukuta ni kwamba mvua ikinyesha na upepo, madeni yanafutika. Alisema mvua ya mwaka mmoja ilimla sahani sitini na mbili. Hadi anazeeka alikuwa anaitaja hiyo sitini na mbili kama mtu anavyotaja ng'ombe aliyeibiwa.

Ndipo akaingia kisomo. Mwalimu alikuwa ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ulifanyika Agosti 1975. Bibi aliufanya akiwa na mtoto mgongoni, akafaulu hatua ya nne, ile ya juu kabisa, ya mtu anayeweza kusoma, kuandika na kutunza hesabu zake mwenyewe. Cheti alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi. Nasema juu, siyo pembeni.

Kaunta buku ya kwanza aliinunua baada ya hapo.

Naweka simu chaji, narudi.

#2 Fundi Njia

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Nilikuwa genge la matengenezo ya njia miaka ya themanini. Reli ilipokabidhiwa 1976 yule mama alihamia stesheni na viazi vya kuchemsha na uji wa ulezi. Treni ya abiria ilitakiwa kupita muda fulani, ikawa inapita muda inaotaka yenyewe. Saa nane usiku, mwezi wa sita, baridi inakata masikio, utamkuta amekaa na chemli na sufuria amelifunika blanketi. Blanketi kwenye sufuria, yeye mwenyewe khanga mbili. Nikamuuliza mama, mbona blanketi umempa uji? Akanijibu, "Mimi sinunuliwi."

Uji ulikuwa wa moto kweli.

#3 Mtoto wa Mlowa

Mkuu Fundi Njia, asante sana, hiyo sikuwa naijua. Nimemsomea mwanawe hapa, amecheka hadi akatoa machozi.

Naendelea. Najua kila mtaa Tanzania una chama cha kufa na kuzikana. Cha kwetu kilikuwa na mwenyekiti na katibu mwanaume, wote wawili siwakumbuki sura. Ninayemkumbuka ni mhazini.

Daftari lake naomba nilieleze vizuri maana ndilo lililobaki. Kaunta buku ya kwaya nne, jalada amelivalisha karatasi ya mfuko wa saruji, juu yake nailoni. Kila msiba una kurasa zake. Kushoto majina ya kaya zote, halafu safu nne alizozichora kwa rula ya mbao: Unga, Kuni, Fedha, Sura.

Unga ni unga. Kuni kwetu mara nyingi ni mabanzi ya misonobari kutoka kwenye mashine za mbao. Fedha ni ile mliyokubaliana kwenye mkutano. Asiye na chochote kati ya hivyo alikuwa analeta maji, na ndoo sita za maji zilihesabika sawa na kilo mbili za unga. Hicho kikokotoo alikitunga mwenyewe na hakuna aliyewahi kukipinga, kwa sababu kisima kilikuwa mbali na kila mtu alishawahi kukipanda kile kilima na ndoo kichwani. Mjane mmoja wa nyuma ya soko alikuwa hana hata debe la mahindi, ila ukifungua daftari ya miaka ile, safu zake zimejaa alama za vema kuliko za mwenye mashine ya kusaga.

Sasa safu ya nne, Sura. Hiyo maana yake ulionekana. Umekaa, umelala pale nje kwenye moto, umechimba kaburi, umekata kabichi, vyovyote. Pesa haikuweza kuingia safu hiyo.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na stoo. Masufuria kumi na mbili ya mtaa, kila moja lina namba ya rangi nyekundu kitakoni na namba hiyohiyo kwenye kifuniko. Maturubai mawili, mabenchi, miiko mirefu kama makasia. Vikienda msibani anahesabu, vikirudi anahesabu. Alikuwa anapitisha kidole ndani ya sufuria, anakitazama kwenye mwanga, halafu anakutazama wewe.

Na sheria ya ulanzi. Masika mianzi inapogemwa, hakuna shughuli isiyo na ulanzi kwetu, hilo linajulikana. Yeye mwenyewe alikuwa mnywaji, tena wa mkangafu, siyo ule mtogwa mtamu wa kunywesha watoto. Lakini mpaka kaburi lifunikwe, hakuna kunywa. Aliwahi kuwarudisha wachimba kaburi watatu wazima nyumbani kwa sababu shimo lilikuwa limepinda. Akasema marehemu alikuwa mnyoofu, na hakukubali alazwe upogo.

#4 Polototo Original

Samahani, nitaharibu msiba. Naona mnampamba.

Mimi mama yangu alitozwa faini ya mwiko. Mwiko mmoja! Ulipotelea msibani kwa watu wengine, yeye ndiye alikuwa zamu ya jiko. Mwaka ule baba alikuwa hana kazi, tunakula mlo mmoja. Bibi wenu akaja mlangoni na daftari, mbele ya majirani, akasoma deni. Mama alilipa kwa kuku. Kuku wa mayai. Nilikuwa na miaka tisa na nakumbuka rangi ya yule kuku.

Apumzike kwa amani, ila tuseme yote.

#5 Mtoto wa Mlowa

Mkuu hujaharibu. Hiyo ndiyo sababu ya uzi. Alikuwa mkali kupita kiasi na kuna siku ukali wake uliumiza asiyestahili. Kusoma deni mlangoni kwa mtu sauti ikiwa juu, hapana, hapo sina utetezi. Nimeangalia daftari la mwaka ule, faini ya mwiko ipo, na pembeni kaandika "kuku 1, amepokelewa". Hakuandika zaidi ya hapo.

Wacha nami nitoe langu.

Nilihamia Dar 2008. Kazi yangu ni uhasibu, cheka ukipenda. Kila msiba wa mtaa nilikuwa natuma pesa kwa simu, tena nazidisha. Kiwango elfu tano, natuma ishirini. Nikijiona mtoto mwema wa nyumbani. 2015 mama yangu akafariki. Nimeshuka kwenye basi alfajiri, nimefika nyumbani, mtaa wote upo. Moto unawaka, wanaume wamejifunika makoti, masufuria namba 3, 4 na 9 yapo jikoni. Nikamwendea Bibi kumshukuru, na bahasha mkononi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, daftari mapajani. Hakuipokea bahasha. Akarudisha kurasa nyuma, akaweka kidole kwenye jina langu, akakishusha taratibu. Fedha, vema. Fedha, vema. Sura, pameachwa wazi. Sura, wazi. Misiba kumi na moja.

Nikadhani sasa ndiyo naaibishwa. Akafunga daftari, akaongea chini kabisa, peke yangu ndiye niliyesikia: "Sura ya mama yako imejaa, mwanangu. Tunamzika yeye. Wewe tutaongea baadaye."

Baadaye ilikuwa siku ya tatu, baada ya matanga. Masufuria matatu, majivu, mchanga, gunzi la kusugulia. Nina shati jeupe la msibani. Nimesugua toka saa nne hadi saa nane mchana, watoto wa mtaa wamejipanga ukutani wananitazama kama sinema. Sufuria namba 9 lilikuwa limeungua makande. Nilipomaliza akaja, akapitisha kidole, akakitazama kwenye mwanga.

"Rudia hili."

Wakuu, sikuwa nimemlilia mama yangu hadi pale. Nilianza kulia nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya sufuria namba 9, na sauti ya kulia ndani ya sufuria ni kubwa kuliko unavyodhani. Bibi hakuniambia ninyamaze. Alivuta kigoda akakaa pembeni akaanza kuchambua maharage.

#6 Polototo Original

Sawa mkuu. Nimekuelewa. Ila kuku alikuwa mweusi mwenye madoa.

#7 Msafiri wa Songea

Hahaha jamani Polototo na kuku wake. Mleta uzi endelea, tupo.

#8 Mtoto wa Mlowa

Hii sehemu nimeomba ruhusa mara mbili.

Wa umri wangu na kuendelea mnaikumbuka miaka ya tisini mwishoni na elfu mbili mwanzoni kwetu. Ilikuwa inasemwa "kakanyaga miwaya" na mtu ananyooshewa kidole kwa mbali. Barabara kuu inapita, malori yanalala, vibarua wa mbao na wa chai wanakuja na kuondoka. Waliokuwa wanahesabu walikuja kutuambia baadaye: utafiti wa 2007/08 uliupa mkoa wa Iringa, ambao ndio ulikuwa mkoa wetu kabla Njombe haijakatwa 2012, asilimia 15.7 ya watu wazima wenye virusi vya Ukimwi, na taifa zima 5.7. Ukienda kwenye daftari za Bibi hesabu hiyo utaikuta kwa namna nyingine. Kaunta buku ya miaka ya themanini ilimchukua miaka mitatu kuijaza. Ya 2001 iliisha 2002.

Kuna ukurasa wa wiki moja wenye misiba mitatu. Safu ya Unga imepunguzwa kutoka kilo mbili hadi moja, kwa mwandiko uleule ulionyooka. Watu walikuwa wameishiwa. Hakuandika sababu ya kifo hata mara moja, katika daftari zote. Kuna nafasi ya jina, tarehe, na wanaobaki. Wanaobaki alikuwa anawaorodhesha hadi wa mwisho na umri wao, kisha mbele yake jina la kaya itakayowalisha kwa mwezi ule. Alikuwa anapanga bila kuuliza. Unaletewa mtoto jioni na mkeka wake, na bakuli la unga.

Dawa za bure nchini zilianza 2004, kwetu watu wakaanza kuzizoea taratibu. Hapo ndipo ninapotaka kueleza habari ya chumvi.

Nikiwa kidato cha kwanza niliona watu wanakwenda kwa Bibi kuazima chumvi. Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Wakubwa na heshima zao, mmoja alikuwa na duka, duka ambalo linauza chumvi! Nilishangaa lakini utoto nao, ukishangaa unaendelea na mpira. Siku moja mama kweli kaishiwa chumvi akanituma kwa jirani mwingine, nikaona nifupishe njia, nikaingia kwa Bibi. Akaniambia hana. Nimesimama pale, mzee mmoja kaingia nyuma yangu, kasema "naazima chumvi", kapelekwa ndani. Nimerudi nyumbani nalalamika kwa sauti ya juu kwamba yule bibi ana ubaguzi. Mama alinizaba kofi la mdomo kabla sijamaliza sentensi. Halafu akafunga mlango.

Nimeelewa mwaka huu, wiki moja baada ya maziko. Binti yake alinivutia ndoo ya bati kutoka uvunguni. Ndani kuna makopo ya plastiki ya dawa, matupu, yale meupe. Kila moja lina alama ya kuchora: jembe, nyota, ndoo, jogoo, mti. Hakuna jina. Na kila kopo lina bonge la pamba ndani. Nikauliza pamba ya nini. Akalitoa, akaweka punje kadhaa za mahindi, akalitikisa. Likalia kama manyanga. Akarudisha pamba, akatikisa tena. Kimya.

Kwa hiyo mtu ambaye hajamwambia mkewe, au mama ambaye mumewe angemfukuza, alikuwa anaacha kopo kwa Bibi na kuja kumeza kwake asubuhi na jioni kwa maji ya kikombe. Na asiyetokea saa moja na nusu, Bibi anavaa kandambili anamfuata. Anafika mlangoni anasema kwa sauti, "Chumvi yako ipo, hujaja kuchukua."

Daftari ya 2009 iliisha 2012.

#9 Msafiri wa Songea

Nimesoma hii nikiwa ndani ya basi, jirani yangu kaniuliza kama nimepokea taarifa mbaya.

#10 Mgeni (ujumbe wa kwanza)

Nimejiandikisha hapa leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi sijui kuandika kama ninyi.

Kopo la jogoo ni langu.

Nilianza 2006. Nilikuwa na kilo 41. Mume wangu alikuwa mtu wa kupiga na nilijua akiliona kopo nimekwisha. Yule mama hakuniuliza nimeyapata wapi, hakuniuliza kwa nani. Aliniuliza unajua kuchora? Nikasema hapana. Akasema basi nakuchorea jogoo, maana wewe utakuwa unafika wa kwanza asubuhi. Na nilikuwa nafika wa kwanza kweli, maana nilikuwa naogopa kukutana na wengine njiani. Baada ya mwaka tukawa tunakutana pale tunacheka. Jembe alikuwa fundi cherehani. Nyota sasa ni mchungaji, simsemi zaidi.

Mimi ni mzima. Nina mjukuu. Dawa siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku na kopo langu lipo juu ya kabati sebuleni, mume yule simjui aliko.

Mwanangu uliyeanzisha uzi, usijilaumu kwa habari ya chumvi. Mama yako alijua.

#11 Mtoto wa Mlowa

Shikamoo mama.

Nimekaa na simu hii dakika kumi sijui niandike nini. Kopo lako lipo, nimelishika. Ukilitaka, binti yake amesema uje ulichukue, ama tuliache kwenye ndoo na wenzake. Uamuzi ni wako.

#12 Mgeni

Liacheni na wenzake.

#13 Fundi Njia

Sasa mhazini nani? Stoo nani anaishika? Maana vitu kama hivi mtu akifa siku arobaini hazijaisha unakuta masufuria yanauza chipsi stendi.

#14 Mtoto wa Mlowa

Swali zuri. Kaunta buku iliyopo imeshikwa na mkwewe, mke wa mtoto wa tatu. Alipokabidhiwa alitaka kuhamishia kila kitu kwenye simu, kikundi cha WhatsApp cha mtaa, picha za risiti. Wazee wakakubali kwa Unga, Kuni na Fedha. Walipofika Sura wakaanza kubishana, kwamba aliyetuma sauti ya pole kwenye kikundi naye amefika ama hajafika. Kikao kilichukua saa tatu. Msimamo wangu mnaujua, nimeusugulia sufuria. Mkwe ameamua safu ya nne ibaki kwenye karatasi, kwa kalamu, na anayeandika lazima awe amekuona kwa macho.

Msiba wa Bibi mwenyewe unaanza ukurasa mpya. Unga ulizidi, tukagawa. Mabanzi yalizidi, bado yamepangwa ukutani. Kaburi lilikuwa limenyooka, nililipima mwenyewe kwa kamba. Ulanzi haukuwepo, siyo msimu, na mzee mmoja alisema kwa uchungu kabisa kwamba amechagua mwezi wa saba makusudi.

Jambo moja kabla sijafunga, na wa Makambako mlioko humu naomba mlisikilize. Masufuria yote kumi na mawili yamerudi. Vifuniko vimerudi kumi na kimoja. Kifuniko namba 7 hakijaonekana tangu siku ya maziko. Mkwe amekwishapita nyumba kwa nyumba Mlowa na Majengo, wiki ijayo anaanza Lyamkena, na daftari analo mkononi. Polototo, nakusihi kaangalie jikoni kwenu.

#15 Polototo Original

Tumeangalia. Hakipo. Na safari hii kuku hatoki mtu.